Kipimajoto Kimesimama, Moto Bado Unawaka

Neno "joto" katika Kiswahili cha kila siku limebeba mizigo miwili. Anayesema "leo kuna joto" anazungumzia jotoridi, ile namba ya kwenye kipimajoto ambayo wengine huiita halijoto. Anayesema "jiko hili halina joto" anazungumzia nishati inayotoka kwenye moto na kuingia kwenye sufuria. Sokoni na nyumbani hakuna anayepotea kwa mchanganyiko huo. Kwenye maabara ya shule ndipo unapogharimu, hasa mwanafunzi anapofika kwenye mada ya barafu kuyeyuka na maji kuchemka, kwa kuwa hapo vitu hivi viwili huachana kabisa: joto linaendelea kuingia, jotoridi limegoma.

Tia vipande vya barafu kwenye sufuria, weka juu ya moto mdogo, koroga. Kipimajoto kitasoma nyuzi 0 za Selsiasi na kitabaki hapo mpaka kipande cha mwisho kiishe, ndipo kianze kupanda. Kikifika 100 (kwa aliye pwani, wa nyanda za juu tutawafikia) kitasimama tena, na hakitasogea hata ukiongeza kuni, mpaka sufuria ikauke. Joto linaloingia wakati kipimajoto kimesimama ndilo joto fiche. Gramu moja ya barafu iliyo nyuzi 0 inahitaji jouli 334 (jouli ni kipimo cha nishati) ili iwe maji ya nyuzi 0. Gramu moja ya maji ya nyuzi 100 inahitaji jouli 2,260 ili iwe mvuke wa nyuzi 100. Kuipandisha gramu hiyohiyo ya maji uzi mmoja tu wa jotoridi ni jouli 4.2.

Michoro mingi ya ubaoni, ile ya jotoridi dhidi ya muda, huficha ukubwa huo. Mstari unapanda, unalala, unapanda tena, unalala tena, na sehemu zote zina urefu unaokaribiana. Mwanafunzi anaondoka akidhani kuyeyuka na kuchemka ni vituo vidogo vya njiani. Chora kwa vipimo uone. Chukua kilo 1 ya barafu ya nyuzi −10, na hita ya wati 1,000 ambayo joto lake lote linaingia kwenye barafu. Kutoka −10 hadi 0 ni sekunde 21. Kuyeyuka, sekunde 334. Kutoka 0 hadi 100, sekunde 420. Kuchemka mpaka kukauka, sekunde 2,260, karibu dakika 38. Kwenye karatasi ya grafu, sentimita 1 ikisimama badala ya sekunde 200, mlalo wa mwisho una sentimita 11.3 na ule mpando wa kwanza una kama milimita 1 tu kwa upana. Grafu hiyo moja inafundisha zaidi ya kurasa tatu za maelezo.

Kwa nini kuchemka kunadai karibu mara saba ya kuyeyuka? Barafu ikiyeyuka, molekuli za maji zinaacha kushikana katika mpangilio mmoja lakini zinabaki karibu karibu, zinapishana tu. Maji yakigeuka mvuke zinaachana moja kwa moja: gramu moja iliyokuwa na ujazo wa sentimita 1 ya mchemraba inakuwa na karibu sentimita 1,700 za mchemraba. Mvuke huo unapotanuka unaisukuma hewa iliyo juu yake, na kazi hiyo peke yake inakula kama jouli 170 kati ya zile 2,260. Zilizobaki ni gharama ya kuzitenganisha molekuli.

Joseph Black aliyapima haya Glasgow, Uskoti, mwanzoni mwa miaka ya 1760, bila hita ya umeme. Aliweka vyombo viwili vya kioo vinavyofanana kwenye ukumbi mmoja, kimoja kina maji yaliyopozwa mpaka karibu kuganda, kingine kina barafu ya uzito uleule. Maji yalipanda nyuzi 7 za Fahrenheit (kipimo ambacho barafu huyeyuka kwenye 32) katika nusu saa, kutoka 33 hadi 40. Barafu ilichukua saa 10 na nusu kuifikia 40 hiyo, yaani nusu-saa 21. Ikiwa kila nusu saa ukumbi uliingiza joto la kutosha nyuzi 7, barafu ilipokea la nyuzi 147. Toa nyuzi 8 zilizotumika kuyapandisha maji yaliyokwisha kuyeyuka, kutoka 32 hadi 40, na zinabaki 139, sawa na nyuzi 77 za Selsiasi. Hesabu ya leo, 334 gawanya kwa 4.2, inatoa karibu 80. Kwa mtu mwenye vyombo viwili, kipimajoto na saa, ni kazi ya kuvuliwa kofia. Chuoni hapohapo, James Watt, fundi wa vifaa, alikuwa akishangaa mvuke kidogo unavyoweza kuchemsha maji mengi baridi, na Black ndiye aliyemweleza sababu.

Sasa tuingie maabara, kwenye jaribio la mchanganyiko, la kutafuta joto fiche la barafu kwa kuitia kwenye maji, ambalo shule nyingi hulifanya na nyingi hulipatia jibu baya.

Kifaa ni kalorimita: kopo la shaba ndani ya kopo kubwa zaidi, katikati pamejazwa pamba au sufi, juu kifuniko chenye matundu mawili, moja la kipimajoto na moja la kikorogeo cha waya wa shaba. Pasipo na kalorimita, kopo la soda la alumini lililokatwa juu na kuwekwa ndani ya kikombe cha plastiki linatosha. Kumbuka tu kwamba joto mahususi la alumini, yaani joto la kuipandisha kilo moja uzi mmoja, ni jouli 900, na la shaba ni kama 400, kwa hiyo namba ya shaba usiihamishie kwenye alumini. Pima kopo na kikorogeo vikiwa vikavu. Tia maji kufikia theluthi mbili, pima tena. Soma jotoridi. Tia barafu kidogo kidogo huku ukikoroga, soma jotoridi la chini kabisa, kisha pima mara ya tatu. Uzito wa barafu unapatikana kwa kutoa, haupimwi wenyewe, maana barafu iliyolala kwenye mizani inayeyuka huku unasoma.

Mfano wenye namba. Kopo na kikorogeo, gramu 60 za shaba. Maji, gramu 150, nyuzi 34. Chumba kina nyuzi 28. Baada ya barafu, nyuzi 22, na uzito umeongezeka gramu 18.4. Maji yametoa 0.150 × 4,200 × 12 = jouli 7,560. Kopo limetoa 0.060 × 400 × 12 = jouli 288. Jumla 7,848. Igawe kwa kilo 0.0184 upate kama 426,500 kwa kilo. Hapo wengi huweka kalamu chini, na hapo ndipo alama zinapopotea. Barafu ilipomaliza kuyeyuka ilikuwa maji ya nyuzi 0, kisha maji hayo yakapanda hadi 22. Safari hiyo ni 4,200 × 22 = 92,400 kwa kilo. Itoe, ubaki na 334,100.

Angalia pia kwamba maji yalianza nyuzi 6 juu ya chumba na yakaishia nyuzi 6 chini yake. Hilo limepangwa. Nusu ya kwanza ya jaribio kopo linapoteza joto kwa hewa, nusu ya pili linapokea kutoka kwa hewa, na makosa hayo mawili karibu yanafutana. Anayeanza na maji ya bomba yaliyo sawa na chumba anapokea joto la bure tangu mwanzo hadi mwisho. Kwake maji hayashuki inavyotakiwa, na jibu linatoka dogo.

Mhalifu mkubwa, hata hivyo, ni barafu yenyewe. Barafu iliyolowa inaingiza maji ambayo yameshayeyuka nje ya kopo, kwa hiyo hayaombi joto fiche lolote ingawa mizani inayahesabu. Kama katika zile gramu 18.4 gramu 2 ni maji, jibu linaanguka hadi 298,000 hivi, pungufu ya asilimia 11, na asilimia hiyo ndiyo sehemu ya maji katika barafu, 2 kwa 18.4. Basi mwanafunzi mwerevu anaamua kuitoa barafu kwenye friza na kuitumbukiza moja kwa moja ikiwa kavu kabisa. Anakosea upande wa pili. Barafu ya friza iko nyuzi −18, na kabla ya kuyeyuka inadai 2,100 (joto mahususi la barafu) × 18, yaani jouli 37,800 kwa kilo. Jibu lake litafika 372,000.

Njia iliyo salama ni hii: toa barafu friza, ivunje vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, iache ndani ya bakuli mpaka ianze kulowa yenyewe. Ulowevu huo ni ushahidi kwamba imefika nyuzi 0. Ndipo uchukue kipande kimoja kimoja kwa koleo, ukikaushe kwa karatasi ya chooni au kitambaa kikavu, na ukitie mara moja bila kurusha maji. Ukitumia vidole unaiyeyusha njiani. Ukiisaga sana, vipande vidogo vina uso mwingi na haviwezi kukauka; ukiacha mapande makubwa, yanachukua dakika nyingi kuyeyuka na chumba kinajiingiza kwenye hesabu. Barafu ya mifukoni iliyogandishwa kwa maji ya kisima chenye chumvi usiitumie, haiyeyuki kwenye nyuzi 0.

Kuhusu mizani: ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima haifai kwa gramu 18, kosa la gramu moja ni zaidi ya asilimia 5. Kama ndiyo iliyopo, ongeza kila kitu mara tatu kwa chombo kikubwa zaidi.

Jaribio la mvuke, la kupitisha mvuke ndani ya maji ili kupata joto fiche lake, lina adabu kali kuliko hilo. Gramu 150 za maji ndani ya kopo lilelile, kutoka nyuzi 20 hadi 36, zinahitaji mvuke wa gramu 4.1 tu. Ndiyo, gramu nne, na jibu lote linaegemea hapo. Mvuke ukipita kwenye mrija mrefu wa mpira unapoa na kuacha matone, matone yakidondokea kopo yanahesabiwa kama mvuke ilhali yameshaacha joto fiche lake njiani. Nusu gramu ya matone inashusha jibu kwa asilimia 12. Kwa hiyo kabla ya kopo huwekwa mtego: chupa yenye mirija miwili, wa kuingizia umeshuka chini, wa kutolea umeishia juu karibu na kizibo, ili maji yabaki chini na mvuke mkavu uendelee. Mpira uwe mfupi na ufungwe kitambaa. Uache mvuke utoke hewani dakika kadhaa mpaka mirija yote ipate moto, kisha ndipo uelekeze kwenye maji. Ndani ya chupa ya kuchemshia tia vigae viwili vitatu vya chungu kilichovunjika, maji yasiruke.

Na ukimaliza, toa mrija kwenye kopo kwanza, zima moto baadaye. Ukigeuza utaratibu huo, mvuke uliobaki kwenye chupa unajikunja kuwa maji, shinikizo linaanguka, na maji ya kopo yanafyonzwa kurudi nyuma. Chupa ya kioo yenye moto ikipokea maji baridi ghafla hupasuka.

Tahadhari nyingine ni ya mkono. Gramu moja ya maji ya nyuzi 100 ikimwagikia ngozi inaacha kama jouli 265 ikipoa hadi nyuzi 37. Gramu moja ya mvuke inaacha 2,260 kwanza, halafu hizo 265. Ni mara tisa na nusu.

Walio Nairobi, Mbeya au Arusha wasiandike 100 kwenye safu ya jotoridi la mvuke. Kwa kila mita 300 za kupanda, kiwango cha kuchemka hushuka karibu uzi mmoja, na kwenye mita 1,700 maji yanachemka kwenye nyuzi 94 na kitu. Katika hesabu ya joto fiche tofauti hiyo ni ndogo, kama asilimia moja. Inauma kwingine: kipimajoto kizima kinahukumiwa kuwa kibovu kwa sababu hakikufika 100, na maharage ya Mbeya yanachukua muda mrefu kuliko ya Tanga.

Jaribio la tatu ni la kupoa. Nafthalini, zile gololi nyeupe za kabatini, huyeyuka kwenye nyuzi 80. Soma pakiti kwanza, maana gololi nyingine ni kemikali tofauti inayoyeyuka kwenye nyuzi 53. Itie kwenye mrija wa kuchemshia, uweke mrija ndani ya maji yanayochemka, na usiichome kwa moto wa wazi, mvuke wake unawaka. Fungua madirisha. Ikiyeyuka yote na kufika 90 hivi, toa mrija, ukaushe nje, usome kila nusu dakika. Jotoridi litashuka haraka, litafika karibu na 80 na kukaa hapo dakika kadhaa, kisha litaendelea kushuka. Wakati limekaa, nafthalini inatoa joto lilelile lililoingia ilipoyeyuka, na linatosha kufidia linalopotea hewani. Pengine utaona jotoridi linatumbukia hadi 78 kisha linapanda lenyewe hadi 80. Usifute, si kosa la kusoma. Kimiminika tulivu kinaweza kupita chini ya kiwango chake cha kuganda kabla fuwele la kwanza halijazaliwa. Na kipimajoto kikinasia ndani ya gando usikivute. Rudisha mrija kwenye maji moto.

Wanaotumia mshumaa badala ya nafthalini hulalamika kwamba hawapati mlalo, wanapata mteremko tu. Wako sahihi: nta ya mshumaa ni mchanganyiko wa vitu vingi, kila kimoja kinaganda kwa wakati wake.

Kwenye karatasi ya mtihani kuna mtego mmoja unaostahili kukaliwa. Gramu 200 za maji ya nyuzi 30 zimechanganywa na gramu 100 za barafu ya nyuzi 0; tafuta jotoridi la mwisho. Anayekimbilia fomula anapata −6.5, anaiandika, anapiga mstari chini yake. Maji ya chini ya sufuri ndani ya kopo lililotiwa maji ya nyuzi 30! Kabla ya fomula uliza kama joto lililopo linatosha. Maji yakishuka hadi 0 yanatoa 0.2 × 4,200 × 30 = jouli 25,200. Barafu yote inadai 33,400. Haitoshi. Basi zinayeyuka gramu 75 tu, zinabaki 25, na kila kitu kinakaa kwenye nyuzi 0. Hesabu ya kuangalia kama barafu yote imeyeyuka inachukua mistari miwili, na inafaa ifanywe kila mara.

Nje ya maabara, namba hizi zinalipa bili. Sufuria ya maharage ikishachemka, jotoridi la ndani halipandi tena hata ukifungua gesi mpaka mwisho. Kila wati 1,000 za ziada zinazoingia zinageuza kama kilo 1.6 ya maji kuwa mvuke kwa saa, na maharage hayajui. Punguza moto mpaka povu dogo, funika. Anayetaka kuiva haraka anahitaji sufuria ya presha, inayopandisha kiwango chenyewe cha kuchemka hadi nyuzi 120 hivi.

Mvuvi anayepakia barafu naye yumo kwenye hesabu. Kupoza kilo 10 za samaki kutoka nyuzi 28 hadi 0, kwa joto mahususi la kama kilojouli 3.6, ni kilojouli 1,008, yaani kilo 3 za barafu. Hizo ni za kupoza tu. Kinachomaliza barafu ni joto linalopenya sanduku njia nzima, na ndiyo maana wazoefu hupakia zaidi ya hapo na kuweka tabaka la barafu chini, katikati na juu. Maji ya nyuzi 0 yaliyotiwa badala ya barafu yangehitajika kwa wingi wa kutisha: hata yakiruhusiwa kupanda nyuzi 4, kila kilo inachukua kilojouli 17 tu.

Na mtungi. Maji yanapita kwenye vinyweleo vya udongo, yanafika nje, yanavukizwa. Kuvukizwa huku si kuchemka, kunatokea kwenye jotoridi lolote, na kwenye nyuzi 30 kila gramu inaondoka na jouli 2,430 hivi. Gramu 100 zikivukizwa kutoka kwenye mtungi wa lita 10, joto hilo lote likitolewa kwenye maji yaliyobaki, yanashuka karibu nyuzi 6. Kwa kweli hewa ya chumba inarudisha sehemu, kwa hiyo uweke kivulini penye upepo, juu ya kigoda na si sakafuni, ili hewa iuzunguke wote. Dodoma wakati wa kiangazi unafanya kazi vizuri mno. Dar es Salaam mwezi wa tatu, hewa ikiwa imeshajaa unyevu, unajitahidi tu. Mtungi mpya huvuja sana wiki za kwanza, hilo ni la kawaida. Mtungi wa zamani ulioacha kupoza mara nyingi umezibwa na chumvi ya maji ya kisima: usugue kwa brashi na maji, usitumie sabuni. Ule uliopakwa rangi ya mafuta ili upendeze sebuleni, vinyweleo vyake vimezibwa. Utunzie mchele.